Mnajimu Asiyedanganya

Haya, msomaji, vuta kiti. Wiki nzima mmenisakama: karatasi ile ilirudishwa kwa nini? Mzee Joshi aliona nini? Mwenzenu mmoja amediriki kuniita mchoyo. Basi leo sina maneno ya pembeni, tunaanzia palepale mezani.

Mzee Joshi alikuwa ameisukuma karatasi kwa kidole kimoja mpaka ikagusa mkono wa Katunge.

"Chukua kitu chako, mama," alisema. "Mimi siwasomei watu wa namna hii."

"Watu wa namna gani?"

"Uliniambia huyu ni kaka yako. Anataka kufungua duka, unauliza kama biashara itamkubali. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Huyu hana duka wala biashara. Huyu ni marehemu. Tena wa zamani."

Katunge alimgeukia rafiki yake Rehmat, aliyekaa kwenye kochi karibu na dirisha. Rehmat alikuwa ameinamisha uso, anachezea mkanda wa mkoba wake.

Kwa wewe uliyekosa gazeti wiki jana, sikiliza haraka haraka. Jina na tarehe kwenye karatasi ile hazikuwa za kaka yeyote. Zilikuwa za Mzee Kilonzo, baba mzazi wa Katunge, aliyezikwa Machakos miaka mingi iliyopita. Ulikuwa mtego, na aliyeufunza mtego huo ni Rehmat.

"Ukitaka kumjua mnajimu wa kweli, mpelekee maiti," Rehmat alikuwa amemwambia, wakipanga sahani katika jiko la nyumba ya wazee wanakofanya kazi wote wawili. "Mwambie ni mtu mzima mwenye afya zake. Akimtabiria harusi, nyanyuka uende zako."

Na kweli, wa kwanza alitabiri harusi. Huyo alikuwa na ofisi Scarborough, mashariki ya Toronto, katikati ya duka la simu na saluni, na bango lake lilidai anatibu mapenzi, kesi na viza. Alisema Mzee Kilonzo angeoa mke wa pili mwaka huu huu na kusafiri ng'ambo. Wa pili, mtaa huo huo, aliona laana ya ukoo, akafungua droo na kutoa pete ya jiwe la buluu. Jamani, maiti auziwe pete!

Rehmat mwenyewe ni Mhindi wa Mwanza, Mwismaili, na kwenye jamatkhana, nyumba yao ya ibada, mambo haya hayasemwi kwa sauti. Lakini bibi yake alikuwa na jirani wa Kihindu aliyejua nyota, na alichokisikia utotoni hakukisahau. Mnajimu wa kweli hauzi mawe, alisema. Hakutishi. Hafungui mdomo kabla hujamwambia umezaliwa saa ngapi na mji gani, maana bila hayo hawezi kuchora kundali, ile ramani ya nyota kama zilivyokaa mtu alipotoka tumboni. Na kubwa zaidi, ana ujasiri wa kusema sijui.

Ndugu zangu Wakamba wameshaanza kunicheka, nawasikia. Mtu wa kwetu, ambako Kenya nzima huja gizani kutafuta dawa, anavuka bahari kwenda kuaguliwa na Wahindi wa Toronto! Chekeni tu. Mwenye mtoto aliyepotea habagui mlango.

Maana hilo ndilo lililompeleka. Derek, mwanawe wa pekee, alitoka kwenye ghala alikofanya kazi karibu na uwanja wa ndege katikati ya zamu, theluji ikianguka, asirudi kazini wala nyumbani. Polisi waliandika. Mchungaji aliomba. Baridi ikaisha, na Jumamosi hii mumewe Macharia amepanga ibada ya kumuaga kanisani. Katunge aliapa hatavaa nguo za msiba mpaka aambiwe ukweli na mtu asiyemwonea huruma.

Na sasa mtu huyo alikuwa mbele yake, mzee mfupi wa Kisumu mwenye sweta lililotoboka kiwiko, asiye na bango wala pete.

"Nisamehe, mzee," Katunge alisema. "Nilikuwa nakupima."

"Najua. Ukipima ndizi sokoni, utaacha kumpima mnajimu?" Hakuonyesha hasira. "Sasa nipe ile iliyokuleta."

Katunge alitoa karatasi ya pili. Joshi aliisoma. Derek Kilonzo Macharia. Tarehe, saa, mji.

"Saa hii una hakika nayo?"

"Mimi ndiye niliyemzaa, mzee. Saa ilikuwa ukutani mbele yangu."

Joshi aligeukia kompyuta yake, akabonyeza, akanakili namba, akachora mraba wenye vyumba vyake. Rehmat alikohoa. Chini barabarani basi lilipiga honi.

"Mzee, sema."

"Mama..."

"Sema tu. Sikuja kubembelezwa."

Joshi alivua miwani. "Usimngoje tena."

"Unamaanisha hayupo Toronto? Ameenda mji mwingine?"

"Namaanisha hayupo. Nenda Jumamosi, mama. Kaimbe na wenzako, umuage mwanao."

Katunge alifungua mdomo apige yowe. Yowe halikutoka. Alijikuta anakunja zile karatasi mbili vizuri, moja juu ya nyingine, anazitia mkobani na kusema, "Asante, mzee." Basi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na haulizwi anauonyeshaje.

*

Kwenye gari Rehmat aliendesha akilia. Katunge ndiye aliyekuwa mkavu.

"Nilie nini, Mama Amyn?" alisema, kwa maana mwana wa Rehmat anaitwa Amyn. "Nililia wakati nilikuwa sijui. Sasa najua."

"Pole, mwenzangu. Pole sana."

"Amesema kweli. Alimjua baba. Angenidanganya, ningemjua." Alitazama malori yanavyowapita barabara kuu. "Derek amekwenda kwa babu yake. Wakamue pamoja ng'ombe wa huko. Baba alimpenda mno, ujue? Alikuwa akimchekesha. Akimwambia, 'Mimi na wazee wote wa kijiji hiki ni mapacha.' Derek anauliza kwa Kiingereza, 'How?' Baba anamwambia..."

Aligeuka kutoka dirishani.

"Alimwambia nini?" Rehmat aliuliza.

"Alimwambia walipangwa foleni kwa chifu wakachukue kipande cha utambulisho. Karani anauliza, umezaliwa lini? Hakuna anayejua. Wa mwaka wa nzige, wa mwaka wa njaa. Karani akachoka. Akawaandika wote tarehe moja Januari."

Gari lilipunguza mwendo kidogo, halafu likaongeza tena.

"Tarehe niliyompa Joshi ni ile ya kitambulisho," Katunge alisema polepole. "Nimeiandika mara nyingi, hospitali, mahakamani, kwenye jeneza lake, mpaka nikaiona ya kweli. Na ile saa, alfajiri, niliibuni mimi kwa sababu ulisema lazima iwepo saa."

"Mama Derek..."

"Hizo hazikuwa nyota za baba yangu. Zilikuwa za karani! Sasa Joshi alimwonaje maiti ndani ya tarehe ya karani?"

"Labda Mungu alimfunulia."

"Geuza gari."

"Umechoka, twende nyumbani ule..."

"Rehmat! Geuza gari au nishuke hapa hapa!"

Hakuwahi kumwita jina lake kavu hivyo tangu wajuane. Rehmat aliwasha taa ya kugeukia, akashika njia ya kutokea.

*

Mzee Joshi alifungua mlango kabla hawajabisha mara ya pili. Nadhani alikuwa hajaondoka pale mlangoni.

"Ile tarehe ya kwanza," Katunge alianza, hata salamu hakutoa.

"Ilikuwa ya uongo," Joshi alimalizia. "Niliijua hata kabla sijaiingiza kwenye mashine. Mama, mimi ni wa Kisumu. Baba yangu alikuwa na duka, wateja wake wote walizaliwa tarehe moja Januari."

"Na ukaniambia ni marehemu."

"Nikakwambia."

"Nyota zilikwambia?"

"Nyota za tarehe ile ni za mtu mwingine kabisa, aliyezaliwa mahali pengine, simjui. Ilinipasa nikurudishie, niseme sijui." Alishika fremu ya mlango. "Hilo ndilo jibu la haki, na mimi nililijua."

Msomaji, umeona mambo? Wale wawili wa mwanzo walikuwa waongo wasiojua kazi. Huyu kazi aliijua sawasawa, na bado alidanganya. Mtu aweza kuwa fundi wa kweli na mdomo wake usiwe wa kutegemewa, na kipimo cha Rehmat hakikuwa na mahali pa kuonyesha hilo.

"Nani alikwambia ni marehemu?" Katunge aliuliza.

Joshi alitupa jicho nyuma ya Katunge. Duniani kote watu waliojua siri ya karatasi ile walikuwa wawili, na mmoja ni Katunge.

Akageuka. Rehmat alikuwa ameegemea ukuta wa korido, uso umelowa.

"Wewe," Katunge alisema.

"Nilikuonea huruma."

"Wewe uliyenifunza kuwapima, ndiye uliyempa majibu ya mtihani!"

"Ulikuwa unakwisha, Mama Derek! Huli, hulali, kila senti yako inaishia kwa matapeli. Nikajua hutatulia mpaka upate mmoja wa kumwamini. Nikakutafutia."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Katunge alisema, na sauti ilikuwa ndogo. Halafu ghafla ikapanda. "Ngoja. Ngoja kwanza. Mzee, na Derek je? Ya Derek uliisoma?"

Joshi aliangalia viatu vyake.

"Uliisoma kundali ya mwanangu, ndiyo au hapana?"

"Niliichora. Sikuisoma. Nilikuwa nimeshapewa la kusema, nikaogopa nisije nikaona kinyume chake."

Je, unajua Katunge alifanya nini? Alicheka. Pale pale koridoni, mbele ya milango ya watu, mwanamke aliyetoka kuambiwa amuage mwanawe alicheka kwa sauti, akamshika mzee wa watu mabega.

"Basi hujui! Hakuna anayejua! Mwanangu anaweza kuwa hai!"

Joshi alijinasua taratibu. Rehmat alifumba macho.

"Mama Amyn, mbona hufurahi?"

"Nenda kwa mumeo."

"Nini?"

"Kuniomba, aliniomba Baba Derek. Alikuja nyumbani kwangu akakaa jikoni akalia. Akasema, 'Mtafutie mtu atakayemwamini, amwambie, maana akisikia kwangu atakufa.' Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema hakika anayo."

"Hakika ya nini?"

"Sikumuuliza zaidi, wallahi. Nenda kwa mumeo, Katunge."

*

Kutoka kwa Joshi, huko Scarborough, hadi nyumbani Rexdale kwa mabasi ni safari ya kumzeesha mtu, na Katunge alikataa katakata kuingia tena kwenye gari la Rehmat. Njia nzima alijipa moyo. Macharia ni Mkikuyu wa Nyeri, mtu wa kupenda mambo yaishe, alijiambia. Amechoka kungoja, ndiyo sababu. Hakika yake ni uchovu tu. Mfa maji, kama mjuavyo, hushika hata povu.

Alipofungua mlango alimkuta anapiga pasi shati jeupe. Koti la suti lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa chumba cha Derek.

"Umechelewa, Mama Derek," Macharia alisema. "Chai iko kwa chupa."

"Nimetoka kwa mnajimu wako."

Pasi ilisimama. Moshi ukaanza kutoka kwenye kola.

"Unachoma shati."

Aliinua pasi, akaichomoa ukutani, akaketi kwenye mkono wa kiti. Hakujifanya haelewi, na hilo lilimtisha Katunge kuliko kama angefoka.

"Mama Amyn amesema," alisema Macharia.

"Amesema una hakika. Nakuuliza, Baba Derek, hakika ya nini? Wewe si polisi. Wewe si Mungu. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Wapi?"

"Hospitali."

"Mochari ya hospitali?"

Macharia alisugua magoti yake. "Jumamosi si ibada tu. Ni mazishi. Sanduku litakuwepo. Nilitaka ujue kabla hujaliona."

Ile furaha ya koridoni ilimtoka Katunge yote, akabaki na mwili tu. Lakini swali lake lilikuwa halijajibiwa, na mama huyu, mtake msitake, si mtu wa kuacha swali njiani.

"Nimekuuliza kama ni mochari."

"Wodini."

"Wodini huwekwa walio hai."

"Ndiyo."

"Macharia! Mwanangu alikuwa hai?"

"Walimwokota kituo cha basi huku barabara ya Kipling. Alikuwa akilala ovyo kitambo, leo hapa, kesho pale. Mapafu yalikuwa yamejaa maji. Polisi walikuwa na namba yangu, wakanipigia mimi." Alisema yote kwa mkupuo, kama aliyekuwa ameyakariri. "Alikaa wodini kidogo, halafu akaenda."

"Kidogo ni nini? Siku moja?"

"Zaidi."

"Alikuwa akizungumza?"

"Siku zingine."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Macharia alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ulikuwa kwa yule wa pete."

Katunge aliketi sakafuni. Hakuanguka, aliketi tu, na koti lake la mvua bado liko mwilini. Mwanawe alikuwa kitandani, safari ya basi moja, akivuta pumzi zake za mwisho. Yeye alikuwa Scarborough akimpima mtu asiyemjua, apate wa kumuuliza kama mwanawe anavuta pumzi.

La kuvunda halina ubani, lakini jamani, hata kumshika mwana akiwa hai alinyimwa!

"Hukuniita," alisema.

"Alinikataza."

"Derek?"

"Alisema, 'Usimlete mama, sitaki anione hivi.' Aliniapisha. Ungefanya nini ungekuwa mimi? Kijana mgonjwa anakushika mkono anakuapisha."

"Ningevunja kiapo."

"Nilidhani atapona. Nilitaka nimlete hapa kwa miguu yake, umwone mlangoni." Alianza kulia, kilio kibovu cha mwanamume asiyezoea. "Alipokwenda, sikujua tena nianzie wapi. Ningekwambia nini? Kila siku iliyopita ilikuwa inaniongezea kosa. Nikaona afadhali usikie kwa mtu baki."

Na hapa, msomaji, nakuomba usinikasirikie: Katunge alimwamini. Derek alikuwa na kiburi cha baba yake. Tangu akiwa mdogo, akiumwa alijifungia chumbani, akigongewa anajibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa. Maneno yale yalifanana naye. Yaliuma, lakini yalikuwa yake.

"Alinitaja?" aliuliza. "Hata mara moja?"

"Alikutaja."

"Alisema nini?"

"Alisema nikwambie anakupenda."

Katunge alinyoosha mkono. Macharia akashuka kwenye kiti, akapiga magoti mbele yake, na wakashikana pale sakafuni, watu wazima wawili waliofiwa. Kama ningekuwa mwandishi mwenye huruma ningeishia hapo nikawaachia msiba wao.

Simu ya Macharia ililia. Ilikuwa juu ya meza ya pasi, karibu na mkono wa Katunge kuliko wa mwenyewe.

"Wacha," alisema Macharia. "Watu wa kanisa tu."

"Kama ni wa kanisa, nitawajibu. Ni mwanangu wanayemzika."

"Mama Derek, wacha simu!"

Alisema kwa ukali, na ukali ule ndio uliomfanya Katunge aichukue. Aliinuka nayo, akaiweka sikioni, akasogea dirishani.

Hata hallo hakuwahi kusema.

"Hallo, Baba Derek, shikamoo," ilisema sauti ya mwanamke, laini, ya Kimombasa. "Ni Nuria, yule nesi. Wallahi nilikuwa nimekata tamaa, lakini kazini wamenipa ruhusa ya Jumamosi. Nitakuja tumzike kijana wetu. Nielekeze tu kanisa liko..."

"Huyu si Baba Derek. Huyu ni mama yake."

"Aa, samahani, mama. Shikamoo. Mama yake Baba Derek?"

"Mama yake Derek."

Katunge alisikia mashine fulani ikilia mbali, na watu wakipita. Nyuma yake, Macharia alikuwa amesimama wima na hakusogea.

"Hallo? Nuria?"

"Nipo." Sauti ilikuwa imebadilika. "Nisamehe, dada, sijui niseme vipi. Labda wewe ni mama wa kumlea? Mama mkubwa wake?"

"Nimemzaa mimi, kwa tumbo langu. Kuna nini?"

"Lakini tuliambiwa mama yake Derek alifariki."

"Nani aliwaambia?"

"Baba yake. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nilikuwa nabadilisha dripu. Derek aliuliza kila siku, kila siku, 'Mama anakuja lini?' Alikuwa akiniomba mimi nimsemeshe Kiswahili kwa sababu yako. Kila mlango ukifunguliwa anageuza shingo. Siku hiyo baba yake akakaa kitandani, akamshika mkono, akamwambia, 'Usimngoje tena, mama yako alikufa.'"

Katunge aligeuka. Mumewe alikuwa bado pale pale kando ya meza ya pasi, mikono imening'inia, na hakutikisa hata kichwa kukanusha.

"Endelea," Katunge aliiambia simu.

"Dada, si vizuri kwa simu..."

"Nimesema endelea!"

"Baada ya hapo hakuuliza tena. Asubuhi yake aliwaambia madaktari wamwondolee barakoa ya mashine ya kupumulia. Walimsihi, nami nikamsihi. Nilimwambia, Derek, bado kijana, unaweza kupona." Nuria alikuwa akilia sasa. "Akanicheka. Akaniambia haogopi hata kidogo, anamfuata mama yake."